Sista Aliyenifundisha Kuogopa

Neno la kwanza Sista aliloniambia halikuwa la tiba. Alinitazama kutoka juu mpaka chini, akasema, "Mama, ndala zako si jozi."

Nikainama kutazama. Kweli, mguu wa kulia ulikuwa na ndala yangu ya bluu, wa kushoto ulikuwa na ya mume wangu, inanizidi kisigino kizima. Nilikuwa nimetoka nyumbani nikiamini nimebakiza dakika chache za kuishi, na mtu anayekata roho hachagui ndala. Yeye akaandika jina langu kwenye daftari, akanionyesha benchi kwa kidevu, akaendelea kufunga kidonda cha mtu mwingine. Nilimchukia papo hapo. Leo nikitaja watu walionirudishia maisha yangu, namtaja yeye kabla ya ndugu zangu wa damu, nao wameshazoea.

Sista ndivyo tulivyomwita wote pale zahanati, kuanzia wagonjwa mpaka daktari. Alikuwa muuguzi mstaafu wa serikali, mwanamke wa bara, mfupi, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara hata kama mtu huyo amekaa mbele yake. Miaka yake mingi ya kazi ilipita katika wodi za wagonjwa wa akili. Ilipokuja ruksa ya watu binafsi kufungua hospitali zao, daktari mmoja akapanga vyumba vitatu kwetu Mtoni, kando ya Barabara ya Kilwa, akapaka ukuta rangi ya kijani, akamchukua Sista. Daktari ndiye aliyeandika dawa. Mengine yote yalikuwa ya Sista.

Sharti niseme nilivyokuwa, ndipo yeye aeleweke. Nilikuwa opareta wa simu katika shirika moja la umma mjini. Asubuhi moja taa za laini zinawaka, watu wanasubiri niwaunganishe, mara moyo ukaanza kwenda mbio, vidole vikafa ganzi, nikaona kabisa kwamba nakufa pale pale na vifaa vya simu kichwani. Nikapelekwa hospitali, nikapimwa moyo, nikaambiwa ni mzima. Wiki iliyofuata ikarudi. Ikawa inarudi inavyotaka. Mwaka haukuisha nikaacha kazi, nikaacha kwenda mjini, nikaacha harusi na maulidi, mwisho hata dukani nikawa natuma mtu. Nikawa sikai bure: kutwa nzima nasikiliza mapigo yangu mwenyewe.

Halafu ikaja siku ya sokoni. Mwanangu Rukia alikuwa na miaka minne. Nilijilazimisha kwenda naye soko la Temeke, tukafika kwenye samaki, na mauti yangu yakaja. Nilikimbia. Nilikimbia mpaka nyumbani, nikajifungia ndani, nikalala sakafuni, na ilipopoa ndipo nikaona kwamba mkono wangu hauna mtoto. Muuza samaki mmoja aliyetufahamu ndiye aliyemleta, mtoto amebebwa begani, amelia mpaka sauti imekwisha.

Wiki ile ile wifi yangu akaja kutoka Tabata. Hakugomba. Alisema tu, "Wifi, mie namchukua Rukia, shangazi yangu huyu, mpaka upate nafuu." Sikubisha, kwa sababu nilikubaliana naye. Kuanzia siku hiyo nilitaka jambo moja tu duniani: nimrudishe mwanangu, na siku moja nimtazame usoni nimweleze kwa nini nilimwacha pale. Nilimwambia Sista hivyo mara ya pili tulipoonana. Hakunipa pole. Aliuliza wifi yangu anakaa Tabata sehemu gani, akaandika.

Namna yake ya kufanya kazi ilianza na kapu. "Kesho uje na dawa zote zilizomo nyumbani kwako," alisema. "Zote. Hata za bibi, hata zilizokwisha muda." Nikaja na kapu la sokoni limejaa. Akamwaga kila kitu kwenye sinia, akaanza kutenga kwa mpini wa kijiko, klorokwini huku, aspirini huku, na kila kidonge ananiuliza: hiki cha nani, unakinywa lini, nani alikuambia. Tukafika kwenye vidonge vya presha.

"Hivi ni vya mama mkwe," nikasema. "Ananigawia nusu kila siku. Kwa moyo wangu huu."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa pili sasa."

Sista akanifunga kile kitambaa cha kupimia presha, akajaza upepo, akasikiliza, akarudia. "Presha yako nzuri kuliko yangu," akasema. Miaka miwili nilikuwa nakula chakula kisicho na chumvi kwa ugonjwa nisiokuwa nao. Mama mkwe alipoitwa akaambiwa hivi: "Mama, wewe unakunywa nusu, mkweo anakunywa nusu. Hivyo wewe hujatibiwa, na yeye amepewa kizunguzungu cha bure." Mama mkwe aliona haya, maana alinigawia kwa mapenzi tu, kama vile mtu anavyomgawia mwenzake tambuu. Tangu alipoanza kumeza kizima kichwa chake kikaacha kumuuma, na sifa hizo akampa Sista mpaka mwisho wa maisha yake.

Chini ya sinia kulikuwa na vidonge vya usingizi, diazepamu, nilivyokuwa nanunua kimya kimya duka la dawa. Nilianza na kimoja, nikafika vinne. Nilijiandaa kwa matusi, kwa sababu mtu aliyenisema kwa ndala atanisemaje kwa haya? Akavihesabu, akaviweka kwenye kopo lake, akaniambia nisithubutu kuviacha ghafla kwa sababu mwili utagoma vibaya. Kila baada ya wiki mbili nilikwenda akanipunguzia robo, anakikata kidonge mwenyewe kwa wembe juu ya kigae, anafunga mafungu kwenye karatasi za daftari. Kazi hiyo ilichukua miezi mingi, na hakuchoka nayo, ilhali alikuwa mtu wa kuchoka haraka na kila kitu.

Dawa yenyewe ya kunitoa huko hatukuipata kwa mara moja. Alimshauri daktari anianzishie amitriptilini, ambayo aliizoea wodini. Nililala. Nililala mpaka maharage yakaungua na sufuria ikaungua, jirani akaja kuzima jiko. Mdomo ulikauka, ulimi unanata kwenye meno. Nikaletwa zahanati nimeshikwa mkono na mume wangu. Nikasema, "Sista, hofu imeondoka, lakini na mie nimeondoka nayo."

Akavua miwani. "Nimekosea," akasema, mbele ya mume wangu na wagonjwa watatu waliokuwa kwenye benchi. "Dozi hii niliizoea kwa wanaume wa wodini, miili yao mikubwa. Wewe mwembamba hivi. Tunaanza upya, na safari hii taratibu." Kabla ya hapo sikuwahi kumsikia mtu wa hospitali akisema amekosea. Nadhani ndiyo siku niliyoanza kumwamini.

Ya pili ilikuwa imipramini, kidogo kidogo, mara moja kwa siku baada ya chakula cha jioni. "Wiki mbili za kwanza utanichukia," alinionya. "Utaona hofu imezidi. Usiitupe dawa, njoo unitukane mimi." Nikaenda kumtukana, kweli, akanikaribisha chai. Wiki ya sita nilikuwa uani nachambua mchele, mama mkwe akatoa kichwa dirishani akasema, "Wee, unaimba." Mie sikuwa na habari. Nilipompelekea Sista habari hiyo aliandika kwenye faili langu, "Anaimba," akapiga mstari chini yake.

Lakini alinikataza katakata kudhani kazi imekwisha. Alisema dawa imepunguza sauti ya redio tu, stesheni nitabadilisha mwenyewe. Hapo akaanza kile alichokiita mazoezi, na mimi nilikiita mateso.

Kabla ya mazoezi niseme habari ya ngoma. Wakati wote huo mama mkwe na mashangazi walikuwa na yao moyoni: mkwe wetu huyu ana wakubwa, yaani pepo, apungwe kwa ngoma. Siku ikapangwa. Mimi niliona aibu kumwambia Sista, Mkristo yule, mtu wa sindano na vitabu. Nikamwambia nikiwa natazama sakafu.

"Lini?" akauliza.

"Jumamosi."

"Kuna pilau?"

"Ipo."

"Nitakuja."

Akaja kweli, na gauni lake la kanisani na kibeti mkononi. Akakaa mkekani katikati ya wanawake wa kwetu, akapiga makofi yasiyokwenda na ngoma, akala sahani mbili. Wakati wa kuaga akamwendea mzee wa ngoma, akamshika mkono kwa mikono miwili. "Shikamoo mzee. Wewe una kazi yako na mimi nina yangu, wala hatugombani. Naomba tu umwambie mgonjwa wetu asiache vidonge." Yule mzee, kwa heshima aliyopewa mbele ya watu, akasimama akatangaza kwamba wakubwa wameviridhia vidonge, na asivikose hata siku moja. Basi! Kuanzia hapo mama mkwe alikuwa ananisimamia kila jioni na glasi ya maji mpaka aone nimemeza. Sista alicheka habari hiyo mwezi mzima, lakini hakuwahi kuwacheka watu wetu.

Alikuwa na mambo yake yasiyopatana. Alitukataza wagonjwa wa hofu chai ya rangi, yeye anakunywa ya kukolea, sukari vijiko vitano. Alituhubiria subira, na foleni ya mkate ikirefuka anapita mbele akisema yuko kazini, hata siku asiyokuwa kazini. Alikuwa akiimba chini chini nyimbo za kanisa huku akichemsha sindano, na hakuna hata moja aliyoipatia sauti; sijui kwaya yake ilimvumiliaje. Na alikuwa anaogopa mijusi. Siku moja mjusi alidondoka kutoka darini, Sista akaruka juu ya kitanda cha wagonjwa nilichokuwa nimekalia mimi, tukakumbatiana. Nikamwambia maneno yake mwenyewe, "Sista, usikimbie, kaa nayo." Akanijibu kwa hasira ya kweli, "Mjusi ni mjusi! Mwondoe!" Nikashuka nikamwondoa kwa fagio.

"Kaa nayo" ndilo lilikuwa neno lake. Watu wote walionipenda walikuwa wakiniambia niiondoe hofu, niikemee, niisahau. Sista peke yake aliniambia niogope, ila niogopee pale pale nilipo. "Ukikimbia ikiwa juu, umeilisha," alisema. "Kaa. Ogopa mpaka ichoke yenyewe." Alinitaka nimwonyeshe kwa vidole hofu imefika ngapi, kumi ndiyo kifo. Na alimkataza mume wangu kunipima mapigo. Baba Rukia, mtu mpole, fundi magari, alikuwa na mazoea ya kuniwekea mkono kifuani kila nikimwita, anahesabu, ananiambia uko salama. Sista akamwita ofisini.

"Baba Rukia, huo mkono unamharibia. Kila ukimpima anajua kumbe kuna cha kupima."

"Sasa Sista, akinililia nifanyeje?"

"Mwulize leo kapika nini. Na huo mkono kifuani utafute shughuli nyingine, si nyinyi ni mume na mke?"

Baba Rukia alitoka pale masikio yamewiva. Mie nilicheka mpaka benchi zima likacheka, na nilikuwa sijacheka na watu kwa muda mrefu sana.

Mazoezi yalianzia kwenye kizingiti cha zahanati. Nisimame nje, yeye ndani, mpaka vidole vishuke. Kisha duka la Mpemba. Kisha kituo cha basi, nisipande kitu, nisimame tu nionekane mjinga. Siku za mitumba ndizo alizozipenda zaidi, kwa sababu alikuwa na ugonjwa wake wa mitumba. Ananiingiza katikati ya marobota, watu wanasukumana, yeye anachambua sidiria za Ulaya na kuzinyoosha mbele ya macho ya umma, huku ananiuliza kwa ile sauti yake, "Mama Rukia, ngapi?" Mie naonyesha saba. "Haya, saba si kumi. Hii unaonaje, itanitosha?" Mtu huwezi kufa vizuri katika hali hiyo.

Mwisho ulipangwa kuwa soko la Temeke, pale pale kwenye samaki, kisha Tabata kwa Rukia. Tulikubaliana mtoto arudi siku ya Idi. Wifi akaambiwa, nguo ya sikukuu ikashonwa, na Ramadhani ikaingia.

Hapo nikafanya kosa ambalo mpaka leo nikilieleza watu wa kwetu wananielewa mara moja, kwa sababu wengi wameshalifanya. Niliacha vidonge. Sikumwambia mtu. Nilijiona naingia mwezi mtukufu, mwili usafishike, na dawa na saumu havikai pamoja. Hata mama mkwe nilimlaghai, namwambia nimeshameza. Siku kumi zilipita vizuri, nikajisifu. Kumi la pili likanikuta sakafuni, nimeshika kifua, ndala zimesahaulika kabisa safari hii, sina hata ya mume.

Sista alinikuta kwenye benchi. Akaniuliza yote, nikakiri. Akavuta kiti.

"Mnafuturu saa ngapi?"

"Magharibi."

"Kidonge chako unakunywa saa ngapi?"

"Jioni. Baada ya chakula."

"Mara ngapi?"

"Mara moja."

Akaegemea meza. "Mama Rukia, kidonge chako kilikuwa kimefunga tangu siku ya kwanza nilipokupa! Kinashinda kutwa kwenye kopo, kinafuturu pamoja na wewe!" Nilitaka kulia, ikatoka kicheko, halafu kilio chenyewe kikafuata. Idi ilipita, na ile nguo ikabaki imekunjwa kabatini. Sista hakunilaumu. Alijilaumu yeye, kwamba ameishi Pwani miaka yote hiyo na hakufikiria kuniuliza. Tangu hapo kila mwezi wa Shaabani aliwaita wagonjwa wake Waislamu mmoja mmoja, akakaa nao akapanga dawa za kila mtu, zipi za futari, zipi za daku, na nani aende akamwulize shehe wake kwanza. Watu walimsifu kwa jambo hilo. Mie nilijua limetoka kwenye upumbavu wangu, nikafurahi walau limefaa kitu.

Tulianza tena, robo kwa robo, kizingiti kwa kizingiti. Sokoni tulikwenda mara tano. Mara ya kwanza pale kwenye samaki vidole vilifika tisa, nikamshika Sista gauni mpaka kifungo kikakatika, yeye akaendelea kubishana na yule muuza samaki juu ya ubichi wa changu. "Macho yake yamezama, huyu wa juzi!" "Mama, wa leo huyu, haki ya Mungu!" Mimi katikati nakufa. Nikafa nusu saa, nikachoka kufa, nikasikia harufu ya samaki. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile niliweza kusimama pale nikajua kweli niko sokoni, na kweli mwanangu sinaye.

Tabata alikataa kunisindikiza. "Huko si kwangu," alisema. Nikaenda peke yangu. Nilipobadilisha gari Buguruni hofu ilipanda mpaka nane, nikakaa kwenye kreti la mwanamke aliyekuwa anauza sabuni, nikamwambia, "Dada, niache nikae hapa, naogopa kidogo." Akanisogezea nafasi, akaniuliza kama nataka maji. Nilikaa mpaka ikashuka, nikainuka. Kufika kwa wifi, Rukia akatoka mlangoni na kipande cha muhogo mkononi.

"Mama, umekuja mwenyewe?"

"Nimekuja mwenyewe."

Akaja akanikumbatia miguu. Wifi akalia kuliko sote, akaenda kufunga nguo za mtoto kwenye khanga. Maneno niliyoyaandaa, ya siku ya sokoni, kwa nini nilikimbia, hayakutoka. Nikasema nitamwambia akikua. Alipokua nikasema nitamwambia akikua zaidi. Hofu zote Sista alizonifundisha kukaa nazo, hiyo moja niliikimbia miaka yote.

Nilikaa na dawa mwaka na miezi, kisha tukaipunguza polepole. Ikarudi mara moja, tukaianza tena, na sasa nimebaki na dozi ndogo ambayo sioni aibu nayo. Kazi ya simu sikuirudia, shirika lenyewe liliuzwa. Nilifungua duka dogo la vyombo pale pale Mtoni. Sista aliondoka zahanati miaka michache baadaye, miguu ilimsumbua, akahamia kwa mwanawe Sinza. Nilisikia anajiandaa kurudi kwao bara moja kwa moja. Nikafunga duka siku hiyo, nikamchukua Rukia, aliyekuwa ameingia kidato cha kwanza, twende tukamuage. Nilitaka mwanangu amwone. Nilikuwa nikienda zahanati saa za shule, kwa hiyo kwa kadiri nilivyojua hawakuwahi kukutana.

Tulimkuta barazani, miguu juu ya stuli, baa iliyokuwa mkabala imefungulia muziki. Alikuwa akiilalamikia huku kidole kinapiga mdundo kwenye kiti. Amekonda, sauti ile ile. Nikasema shikamoo, akaitika. Rukia hakusema shikamoo. Alisimama kwenye ngazi anamkodolea macho.

"Rukia, adabu!"

"Mama," akasema, "huyu si Bibi wa Mizani?"

Sista akavaa miwani yake taratibu. "Umekuwa mrefu," akasema. "Wakati ule tayari mizani yangu ilikuwa ndogo kwako."

Nikageuka huku na huku kama mtu aliyekuja nyumba ambayo siyo. Rukia ndiye aliyenieleza, akishangaa kwamba sijui. Kwamba alipokuwa Tabata alikuwa anakuja bibi mmoja na ile mizani ya kuning'iniza watoto wachanga, anamwambia shangazi anapita kupima watoto wa mtaa. Anaifunga kwenye mti wa uani, anamning'iniza Rukia wa miaka mitano, miguu inaburuta chini. Shangazi akiingia jikoni, bibi anachuchumaa.

"Alikuwa anakwambia nini?" nikauliza.

"Kwamba unaumwa ugonjwa wa hofu. Kwamba siku ile sokoni mwili wako ulikudanganya unakufa, ukakimbia kifo, hukunikimbia mimi. Halafu ananiambia umefika wapi. Mama leo amefika dukani. Mama leo amefika kituoni."

Nilikaa kwenye ngazi. "Sista, mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungefanya haraka. Ungetaka kuruka hatua." Akatazama upande wa baa. "Tena sikuwa na hakika nawe."

"Kila wiki ulikuwa unaniambia nitapona!"

"Nilikuwa nasema. Kuna wengi niliowaambia hivyo na hawakupona, mama. Nikaona, wewe ukishindwa basi umeshindwa, lakini huyu asikue akidhani aliachwa."

Sista nilimwambia asante, nikairudia, ikaonekana ndogo, nikaisema tena. Kisha nikamgeukia mwanangu, pale pale ngazini, muziki unapiga, nikamwambia yale maneno niliyokuwa nimeyabeba miaka kumi. Nikamwomba radhi kwa siku ya sokoni. Vidole vilifika tisa, sikuondoka.

Rukia alinisikiliza mpaka mwisho kwa ule uvumilivu wa wasichana wa umri wake, wanaoona wazee wanachelewa kila kitu.

"Lakini Mama," akasema, "si hayo yalikwisha zamani?"

"Yalikwisha na nani?"

"Na Bibi. Alisema nikuache tu uje mwenyewe."

Sista akamwambia aingie ndani akateleke maji ya chai, na asisahau sukari.